Mwana Mfalme Wangu na Nyati Wao

Jumatatu, 22 Septemba

Dasara, sikukuu yetu kubwa ya kila mwaka, imeanza. Mimi nimepigwa nyundo kabla hata ya kahawa.

Mama ametoa hukumu. Amesema nina miaka thelathini na moja, nina riwaya moja, sina mke wala mpango. Ikifika Vijayadashami, siku ya mwisho ya sherehe, na hakuna mchapishaji aliyeikubali hiyo riwaya, nifunge sanduku niende Hubballi kwa Mjomba Basappa, nikafunge vijiti vya udi. Maisha yangu yote! Mjomba Basappa hukoroma hata akiwa macho. Nyumbani kwake hakuna cha kusoma isipokuwa kalenda.

Sikubishana. Nilikunywa kahawa yangu kwa tabasamu la mtu anayejua jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Bwana Phaniraj, mchapishaji kutoka Bengaluru, anakuja hapa Mysuru kutazama sherehe. Jumanne ijayo atakaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni karibu na soko na kuwasikiliza waandishi wa riwaya za vijana. Anatafuta hadithi zilizotoka katika mambo yetu ya kale. Miungu, mazimwi, falme zilizopotea. Atachukua moja. Moja tu!

Yangu iko tayari. *Upanga wa Nanjakirti*. Madaftari tisa, mkono wangu mwenyewe, nakala moja tu duniani. Sikuipiga chapa kwenye kompyuta kwa sababu za usalama. Ng'ambo ya barabara anakaa Vaijayanti.

Huyo Vaijayanti tulisoma darasa moja. Alinishinda mwandiko, hesabu na kuruka kamba. Sasa na yeye ameandika riwaya ya vijana! Nasikia imepigwa chapa safi na ina jalada la plastiki. Plastiki! Asiyejiamini lazima ajifunike.

Wasiwasi mdogo: sijawahi kumpa kijana yeyote asome riwaya yangu ya vijana. Leo nimemkabidhi mpwa wangu Ketaki madaftari yote. Ana miaka kumi na minne, yuko kwetu likizo, na hula vitabu kama mchwa. Nimemwambia asinifiche kitu. Natumaini atanificha kidogo.

Jumatano, 24 Septemba

Ketaki amemaliza. Siku mbili tu! Nilifurahi, mpaka alipofungua mdomo.

Anasema Mwana Mfalme Nanjakirti alimruka. Nikamuuliza anamrukaje mtu ambaye jina lake ndilo jina la kitabu. Akasema ni rahisi, akiona tu neno "Nanjakirti" anafunua ukurasa.

"Mjomba, huyu mtu anajisifu hata akiwa usingizini. Kurasa ishirini na mbili anaelezea masharubu yake!"

Ni kurasa kumi na tisa. Na yale masharubu yana uzito katika historia ya ufalme. Kuna watu waliowahi kusema Nanjakirti anafanana na mimi. Ni sadfa.

Basi kilichompendeza ni nini? Mahi. Mahi, mtoto wa nyati!

Mahi ni kijana mwenye kichwa cha nyati, kitukuu cha Mahisha, lile zimwi lililouawa na Mama Chamundi, mungu wa kike anayelinda mji wetu, juu ya kilima chetu. Nilimtia kitabuni ili Nanjakirti apate mtu wa kumpiga. Sura zake niliziandika wiki tatu nikiwa na homa, bila mpango, bila kamusi, nimejifunga blanketi kichwani. Hata sikuzisoma tena. Ketaki anasema zimemliza mara mbili. Amejichora pembe mkononi kwa kalamu. Amemsomea na Bibi yangu, na tangu jana Bibi anauliza kama Mahi amekula. Hakuna aliyeuliza kama Nanjakirti amekula.

Hitimisho langu: vijana wa leo wameharibika, na wazee wanawafuata. Sitabadilisha hata nukta. Ila ni lazima nijue Vaijayanti ameandika nini.

Alhamisi, 25 Septemba

Mpango wa kwanza. Ulikuwa mzuri sana. Lawama ni za ngazi.

Siku hizi za Dasara kila nyumba imepanga wanasesere wake wa mbao kwenye ngazi zilizotandikwa kitambaa, na wanawake wanatembeleana kuwatazama. Nikajitolea kumsindikiza Bibi kwa akina Vaijayanti. Bibi akauliza tangu lini napenda wanasesere. Nikasema tangu utoto.

Kwao wamepanga ngazi tisa. Miungu juu, mfalme na malkia katikati, chini harusi nzima na bendi yake. Vaijayanti alipoingia jikoni kuleta dengu za nazi, niliona ncha ya plastiki ikichungulia chini ya kitambaa. Nikapiga magoti. Nikatambaa. Nikaingia chini ya ngazi mwili mzima isipokuwa miguu.

Ilikuwa ni plastiki ya kufunikia pasi ya umeme.

Kosa langu ni moja tu, nilisimama kabla ya kutoka. Harusi ilikwenda kwanza. Bendi ikaifuata. Mfalme aliingia ndani ya ukosi wangu na malkia akatua kwenye bakuli la dengu, ambalo Vaijayanti ndiyo kwanza alikuwa analileta. Bibi akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi sokoni kwamba ndiyo maana tangu utoto nilikuwa sinunuliwi wanasesere.

Vaijayanti aliuliza nilikuwa natafuta nini huko. Nikasema nakagua mchwa. Akacheka mpaka akakaa chini. Hakukasirika hata kidogo! Huo ndio ukatili wake.

Halafu akafanya jambo la ajabu. Tulipokuwa tunawapanga upya, aliingia chumbani akatoka na riwaya yake, akaniwekea mikononi.

"Nanju, afadhali umekuja. Nilikuwa naona haya kukuomba. Nisomee, uniambie ukweli. Mtaa huu mtu wa vitabu ni wewe."

Nimeibeba hadi nyumbani nikiwa na mfalme bado ndani ya ukosi. Adui gani huyu anayekufungulia lango mwenyewe? Nashuku hila.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeisoma yote. Msiba!

Ni nzuri.

Inahusu msichana wa zamani za ngome na mizinga, ambaye kila asubuhi huchora michoro ya unga wa mchele mlangoni, kama wachoravyo mama zetu. Yeye michoro yake inaamka. Tausi wa unga wanaruka. Tembo wa unga wanalinda ngome dhidi ya jeshi la wageni, na ikinyesha mvua wanayeyuka, naye inabidi apige magoti matopeni achore upya huku mishale inapita. Nilisahau kwamba nampinga. Ukurasa wa mia mbili nilipiga kelele "Chora haraka!" na Mama akaja kuuliza kuna nini.

Nikatulia. Nikatafuta mahali pa kumchoma. Nikapapata! Sura tatu za kwanza. Miungu thelathini na watatu wamekaa baraza mbinguni, kila mmoja anajitambulisha kwa majina yake yote, anataja kipando chake na silaha zake. Fahari iliyoje! Ndizo sura bora kabisa kitabuni. Kidogo zifikie za Nanjakirti.

Jioni nikavuka barabara, nikavaa uso wa huzuni, nikamwambia kila kitu ni kizuri isipokuwa sura tatu za mwanzo. Azikate. Zote. Aanze moja kwa moja na unga mlangoni. Akauliza kama nina hakika, maana zilimchukua miezi saba. Nikasema rafiki wa kweli hadanganyi.

Akaandika kwenye daftari lake. Akanishukuru. Akasema kesho asubuhi atazikata na kumtumia Bwana Phaniraj kwa barua pepe.

Nikarudi nyumbani nikala vipande vitano vya Mysore pak, ile halua yetu ya samli, kwa kusimama. Viwili vya ushindi. Vitatu sijui vilikuwa vya nini, lakini havikushuka vizuri.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika haya kwa penseli, nyuma ya karatasi ya kufungia udi, bafuni. Sababu inafuata.

Leo ni siku ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu. Nilitoka asubuhi kwenda kunyoa kwa ajili ya kesho. Nikarudi nikakuta Bibi amekusanya kila kitu chenye maandishi nyumbani na kukipanga mbele ya picha ya Saraswati. Vitabu vya shule vya Ketaki. Kitabu cha mapishi. Daftari la duka. Na katikati, juu ya kitambaa chekundu, yamepakwa manjano, yamevikwa asumini, yamebebeshwa ndizi mbivu na bonge la sukari guru: madaftari yangu tisa!

Kila mtu anajua sheria. Kikishawekwa pale hakiguswi, hakisomwi, wala kalamu haishikwi, mpaka alfajiri ya Vijayadashami. Yaani Alhamisi. Mchapishaji ni kesho, Jumanne!

Nilimsihi Bibi. Nikamweleza habari za Hubballi. Akasema ameyaweka katikati makusudi, kwa heshima, kwa sababu Mahi yumo. Nikasema Saraswati mwenyewe angependa kitabu kichapishwe. Akajibu: "Mjukuu wangu, Saraswati hupumzika siku tatu tu katika mwaka mzima. Wewe una haraka kumzidi?"

Mpango wa pili. Saa nane mchana Bibi hulala kidogo kwenye kiti chake. Nikaingia kwa vidole vya miguu nikiwa na madaftari tisa matupu ya kubadilishia. Nikainua ndizi. Nikainua sukari guru. Nikashika daftari la kwanza kwa mikono miwili.

"Mchwa tena?" Bibi aliuliza, macho kayafumba.

Nimefukuzwa chumbani. Ndizi zimerudishwa juu ya Nanjakirti. Na bonge la pili la sukari guru limeongezwa, fidia kwa Saraswati. Sasa linayeyuka kwa joto na kuingia kwenye karatasi.

Ketaki amekuja kugonga mlango wa bafuni. Anasema tatizo liko wapi? Twende tukamsimulie kwa mdomo. Zamani hadithi zote si zilisimuliwa? Nimemwambia kwamba hilo ndilo nililokuwa nalifikiria mimi. Nitasimulia mwenyewe. Yeye atabeba maji.

Bibi anasema na yeye anakuja. Nikauliza kufanya nini. Anasema pale wanapika dosa ya samli, ile chapati nyembamba ya mchele.

Jumanne, 30 Septemba

Bado bafuni. Bado penseli. Niandike kwa mpangilio.

Tulifika saa nne. Bwana Phaniraj ni mtu mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekwisha kuonana na waandishi sita na alikuwa na macho ya samaki wa sokoni. Vaijayanti alikuwepo, amevaa sari ya kijani, ametushikia nafasi. Akaniambia usiogope, Nanju. Niogope mimi!

Kwanza Bwana Phaniraj alizungumza naye. Akasema riwaya yake ameisoma kwenye basi kutoka Bengaluru. Akasema amechoka na riwaya zinazoanzia mbinguni na miungu wanaojitambulisha. Hii imeanza na msichana, unga na mlango, na ukurasa wa tatu tausi anaruka. Alipita kituo chake bila kujua. Mwanzo kama ule aliufikiriaje?

Vaijayanti akanionyesha kwa kidole. Akasema alikuwa na sura tatu za kujisifia, rafiki yake Nanjunda ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia azikate. Bwana Phaniraj akasimama akanipa mkono. Watu wakapiga makofi.

Nimewahi kuugua kipindupindu utotoni. Haikuuma hivi.

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza habari za Saraswati, akaelewa, hata mama yake amefungia kila kitu. Nikasimama nikaanza vizuri. Nasaba ya Nanjakirti, vizazi kumi na vinne. Kizazi cha tano, Bwana Phaniraj aliagiza dosa nyingine. Cha nane, alitazama saa. Cha tisa, Bibi alikohoa kile kikohozi chake cha kufukuzia kunguru.

"Nanjunda, kaa. Mwache mtoto aseme."

Nikasema sijafika kwenye masharubu. Bibi akasema ndiyo maana. Ketaki akaweka chini chupa ya maji, akasimama, akaanza kama mtu anayesema habari ya jirani yake.

Akasema palikuwa na kijana aitwaye Mahi, mwenye kichwa cha nyati, aliyekuwa mlinzi wa kisima cha mfalme. Kila Dasara mji uliigiza vita vya Mama Chamundi na zimwi Mahisha. Nani awe zimwi? Yeye, si ana pembe tayari? Walimpiga kwa fimbo zilizofungwa maua, na watoto wakacheka. Usiku wake huko kisimani aliyachomoa maua yaliyokwama pembeni mwa masikio, akayaita zawadi.

Mhudumu aliyekuwa anapita na ndoo ya mchuzi alisimama.

Mwaka ule aliyechaguliwa kurusha mshale wa mwisho alikuwa Menaja, binti wa mtengeneza pinde. Akavuta uzi. Akamtazama zimwi usoni, akaona zimwi linajizuia kupiga chafya, maua yameliingia puani. Menaja akacheka. Ukishacheka na mtu, alisema Ketaki, huwezi tena kumpiga mshale. Akashusha upinde. Mji ukawafukuza wote wawili.

Bwana Phaniraj alikuwa ameacha kutafuna.

Mwaka huohuo mto Kaveri ukakauka. Nyoka wa kale alikuwa amejiviringisha kwenye chemchemi na kuumeza. Mto ungeweza kuitwa na sauti moja tu, baragumu la pembe lenye damu ya Mahisha. Wale waliompiga wakamfuata Mahi mwituni, wakapiga magoti, hawakujua waanzeje. Hakuwangojea waseme. Aliazima uzi wa upinde wa Menaja, akaikata pembe yake mwenyewe taratibu, mchana kutwa. Akaipuliza. Sauti ilikuwa kama ng'ombe wote wa nchi wanarudi nyumbani kwa wakati mmoja. Nyoka akafungua kinywa. Mto ukarudi. Na juu ya kilima, simba wa Mama Chamundi, yule wa jiwe, akainuka. Akashuka. Watu wakafunga macho, wakijua amekuja kummaliza Mahi. Simba akaweka kichwa chake mapajani kwa Mahi, akalala.

Hapo Ketaki alinyamaza na Bibi akadakia. Hii haimo kitabuni, ni yake. Akasema Mama Chamundi alishuka ngazi zote elfu moja kwa miguu, kama sisi tunavyozipanda, magoti yanamuuma, akamshika Mahi kidevu.

"Mwanangu, mimi nilipigana na babu yako kwa yale aliyoyafanya. Wewe ulifanya nini hata wakupige?"

Mchuzi wa yule mhudumu ulikuwa unamwagikia kiatu cha mteja. Mwenye kiatu alikuwa amemkodolea macho Bibi. Vaijayanti alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya sari. Machozi yalinitoka na mimi. Nikajiambia ni pilipili, halafu nikakumbuka sijala. Mimi niliandika hiyo? Mimi, na blanketi kichwani? Kwa dakika nzima sikuwa na hila yoyote, na lazima niseme palikuwa na utulivu wa ajabu humo ndani.

Bwana Phaniraj akauliza kwa sauti ndogo nani ameandika. Nikasema mimi, kila neno. Ketaki akasema ni kweli, ila maneno ya Mama Chamundi ni ya Bibi. Bibi akasema ni ya Mama Chamundi mwenyewe, na dosa iko wapi.

Matokeo: riwaya ya Vaijayanti ameichukua palepale. Yangu anataka kuisoma. Alikuwa amepanga kuchukua moja, lakini amesema huyo nyati hamwachi Mysuru. Atangoja mpaka Alhamisi, vitabu vitakapofunguliwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo ni siku ya zana. Mama amevisha maua skuta, mizani, mkasi na kikokotoo. Amevisha hata mashine ya kusagia, kwa upendo ambao mimi sijawahi kuonyeshwa. Mimi sikuvikwa kitu. Amesema Hubballi haijafutwa, imeahirishwa.

Nimewaza kutwa nzima. Bwana Phaniraj amependa nyati kwa sababu hajakutana na Nanjakirti ipasavyo. Kosa lilikuwa langu, nilianza na nasaba badala ya masharubu. Kwa hiyo kesho madaftari nitayapanga upya. Manne ya Nanjakirti juu. Matano ya Mahi chini kabisa. Akifika kwa nyati atakuwa amekwisha kumpenda mwenye kitabu. Ni ujanja mdogo lakini safi.

Nimemweleza Ketaki. Ameniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa anayeuliza kama anaweza kucheza mpira.

Alhamisi, 2 Oktoba

Vijayadashami! Kalamu tena! Meza tena!

Alfajiri Bibi alifungua vitabu kwa sala. Niliyapanga madaftari kama nilivyokusudia, nikayafunga kwa kamba nyuma ya skuta. Ketaki akapanda akiyashikilia. Barabara kuu zilikuwa zimejaa watu wanaongojea maandamano, nikapita njia ya nyuma, karibu na mahali tembo wanapopumzishwa.

Palikuwa na tembo mdogo mmoja, si wa maandamano. Mwenye kumtunza alikuwa anakunywa chai. Nikapunguza mwendo kwa adabu.

Sasa nikumbushe kwamba madaftari yale yalilala siku tatu chini ya ndizi mbivu na mabonge mawili ya sukari guru. Yaliyokuwa juu yalikuwa ya Nanjakirti. Niliyaweka juu mimi mwenyewe, tena kwa fahari.

Sikusikia kitu. Ketaki ndiye aliyesema, kwa utulivu ambao sitausahau: "Mjomba, Nanjakirti anakwenda."

Nikageuka. Mkonga ulikuwa umekwisha kuchukua daftari la kwanza. Nikaruka chini, nikashika la pili kwa mikono yote. Yeye akavuta, mimi nikavuta. Nanjakirti alipigana kiume, lakini gamu yake haikuhimili. Mtunzaji akaja mbio akipiga kelele. Tembo akafikiri anahimizwa. La tatu. La nne! Kurasa zote kumi na tisa za masharubu zilikwenda kwa mkunjo mmoja. Alizila polepole, amefumba macho. Kusema kweli, katika wasomaji wote wa Nanjakirti, huyo peke yake ndiye aliyemmaliza.

Nilifika kwa Bwana Phaniraj nikiwa na madaftari matano na mate ya tembo hadi kiwiko. Nikamwambia msiba umetokea, nusu ya kitabu imeliwa. Akauliza nusu ipi. Ketaki akamweleza. Bwana Phaniraj akayapima matano kwa mkono, akatabasamu.

"Bwana Nanjunda, huu ndio urefu hasa wa riwaya ya vijana. Huyo tembo ni mhariri."

Amekaa kwenye baraza akasoma mpaka ngoma za maandamano zilipoanza kusikika. Amekubali! Kitatoka mwaka ujao. Kitaitwa *Pembe Moja*. Jina langu kwenye jalada, ndani shukrani kwa Ketaki na Bibi.

Tulitazama maandamano tukiwa juu ya paa la akina Vaijayanti. Tembo mkubwa alipita na kiti cha dhahabu, sanamu ya Mama Chamundi imekaa ndani, maua yakimwagika kutoka kila dirisha. Ketaki alipiga filimbi kwa vidole. Mama alilia kidogo, akasema ni moshi. Halafu akawaambia majirani kumi na wanane kwamba kipaji changu ametoka nacho kwao. Mjomba Basappa amepigiwa simu asitayarishe chumba. Vaijayanti amenimwagia kichwani sahani nzima ya asumini, nami sikutafuta hila ndani yake kwa karibu nusu saa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Habari kubwa. Bwana Phaniraj amepiga simu. Jumatatu anamtuma mchoraji, mwanamke aitwaye Sumedha, aje azungumze nasi kuhusu jalada. Atamchora Mahi. Anataka kujua sura yake ikoje.

Nimefikiri kwa makini, nimeona jambo ambalo wote wamelikosa. Mahi ni mpole, jasiri, hakueleweka na mji wake. Anafanana na nani? Nashangaa sikuliona mapema.

Tangu asubuhi nipo mbele ya kioo. Ukivuta pua juu kidogo na kushusha kidevu, mfanano unatisha. Nimenunua mafuta meusi ya nywele. Nimejipangia kukaa dirishani, upande wenye mwanga, wakati Sumedha anaingia, nikitazama mbali kwa huzuni. Nimemwagiza Ketaki aseme kwa mshangao, kana kwamba limemjia tu, "Hebu mtazameni Mjomba!" Amekataa. Itabidi nimshawishi Vaijayanti. Yeye ananiamini.

Mama amenikuta kwenye kioo, ameuliza kama ninaumwa na jino. Sikumjibu. Nilikuwa nimepanua pua, na nikiongea inarudi.